Jumanne Tatu za Geum-hui

Tak Geum-hui alikuwa amepima maji ya jiji kwa miaka kumi na tisa, na hakukumbuka hata siku moja ambayo wenzake waliacha kazi zao ili waje kuangalia ya kwake. Jumanne ile maabara nzima ilimzunguka Seol A-reum, binti wa miezi minne tu kazini. Geum-hui alibaki kwenye sinki akisugua chupa ambazo zilikwishatakata.

A-reum alikuwa ameikuta dioksani kwenye maji ya bomba ya mtaa wa wafumaji. Ni kemikali ya viwandani inayoshukiwa kuleta saratani, haina rangi, na mitambo ya kawaida ya kusafisha maji haiiwezi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu hamsini kwa lita. Yeye alipata sitini na nane.

"Binti ana jicho huyu!" alisema Mkuu Guk, bosi wao. "Geum-hui, hebu rudia kipimo chake kabla sijapiga simu kwa meya."

A-reum alimfuata na kikombe cha kahawa, akakitoa kwa mikono miwili. "Dada, nisamehe, nimekuongezea kazi."

"Chupa ulizisuuza mara ngapi?"

"Mara tatu, dada."

"Tatu? Nilidhani huko Seoul wanawafundisha nne."

A-reum akacheka, akadhani ni utani. Hilo nalo lilimchoma Geum-hui. Angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi kumchukia.

Alikwenda mwenyewe mtaani, akakinga maji mapya, akarudi na kuyatia kwenye mashine. Akakaa akiutazama mstari kwenye skrini na kuuomba ulale. Katikati ya kuomba akajishtukia: hakuwa akiomba maji yawe salama, alikuwa akiomba A-reum aumbuke.

Dakika ya saba mstari ukapanda, ukafanya nundu. Sabini na moja.

Lakini kilichomkausha mate ni umbo la ile nundu. Alikuwa amewahi kuiona. Akafungua kabati la majalada, akafunua karatasi za wiki mbili nyuma, na nundu ilikuwepo, ndogo zaidi, pembeni yake pameandikwa kwa mwandiko wake: *uchafu wa mashine*. Wiki nne nyuma, vilevile. Zote mbili zilikuwa Jumanne. Kila mara alisafisha mashine, akapima maji ya Jumatano, akaona shwari, akaendelea na mambo yake.

Angeweza kuzichana zile karatasi. Nani angejua? Alizikunja, akazitia kwenye mfuko wa koti, akaelekea ofisini kwa Mkuu Guk kumpa matokeo ya kipimo na kwenda zake. Akamkuta A-reum amekaa kwenye kiti cha mbele ya meza ya bosi, ambacho Geum-hui, kwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kukaribishwa kukikalia.

"Aliyeigundua kwanza ni huyu," Mkuu Guk alikuwa akisema kwenye simu.

"Si yeye!" Geum-hui alipayuka. "Mimi niliiona kabla yake!" Akazibwaga karatasi mezani.

Mkuu Guk akaikata simu, akasoma. "Uliiona," alisema polepole, "ukaandika uchafu?"

A-reum akainamia meza, akahesabu kwa kidole. "Jumanne, Jumanne, na leo Jumanne, kila baada ya wiki mbili. Kutoka juu ya mto unaolisha mabomba ya jiji, maji huchukua siku mbili kutufikia. Bosi, kuna mtu anamwaga Jumapili, wakaguzi wakiwa majumbani kwao!"

Jumapili ya pili baada ya hapo wakaguzi walijibanza kando ya mto, wakakinasa kiwanda cha nyuzi bomba lake likiwa wazi. Hadi siku hiyo mtaa wa wafumaji ulikuwa ukinywa maji ya kuletwa na malori. Geum-hui alipewa barua ya onyo, na kupandishwa cheo alikotarajia mwaka ule kukafutwa.

Taarifa ya habari ya jioni ilimwonyesha A-reum amevaa koti jeupe. "Bila kumbukumbu za Dada Tak tusingejua wanamwaga siku gani," alisema.

Mume wa Geum-hui akaacha kula. "Umesikia? Amekutaja!"

"Kanihurumia," alijibu Geum-hui, macho kwenye runinga. "Mimi nimepewa sekunde tatu. Yeye kapewa dakika nne nzima, na lile koti alilovaa ni langu."