Sabaha Bado Yuko Hewani

Jumanne saa tisa alasiri, Kijakazi alikuwa akikunja upindo wa sketi ya shule kwenye kibaraza cha duka la Nilesh, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Alikuwa na cherehani yake mahali hapo mwaka wa nane sasa. Ndani, Nilesh alikuwa akichambua boksi la redio kuukuu za magari. Chini ya redio alikuta vioo sita vya ndege, vile vinavyobandikwa nyuma ya kiti ili abiria wa nyuma atazame filamu. Alikiunganisha kimoja na betri, kikawaka.

"Mama Sabaha, njoo uone. Hii kitu nzima kabisa."

Kioo kilionyesha ramani. Kindege cheupe kilikuwa juu ya bahari, na pembeni iliandikwa kwamba bado dakika arobaini kitue. Kijakazi aliirudia sketi yake, akamaliza upindo, akatazama tena. Bado dakika arobaini. Kisha chini ya ramani kikatokea kisanduku cha ujumbe chenye jina la Sabaha, kutoka kiti namba 41B.

"Shikamoo mama," kiliandika.

Kijakazi alifuta kidole kwenye kanga, akajibu herufi moja moja: "Marahaba mwanangu. Umekula?"

Sabaha alikuwa binti yake wa pekee. Aliondoka miaka miwili na miezi minne iliyopita kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akiwa na miaka kumi na tisa na begi jipya la magurudumu. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Wakala aliyempeleka alikuwa akimwambia Kijakazi kila mwezi kwamba binti alifika salama, ila ana kazi nyingi.

Sabaha aliandika kwamba amekula, na kwamba hajafika. Mlangoni mwa ndege mtu wa wakala alikusanya pasipoti zao, wasichana kumi na mmoja, akasema zitawatangulia kwa waajiri. Ndege ilipokaribia kushuka, rubani alitangaza kuwa asiye na pasipoti mkononi hatui. Abiria wengine wakatua. Wao wakabaki hewani na safu zao za nyuma. Chakula kilikuja kila siku, kuku au tambi. Filamu walikuwa wamezimaliza zote, wakazirudia, na msichana mmoja wa Masasi sasa alizungumza Kikorea. Nje ya dirisha ilikuwa alasiri ileile.

Dakika ishirini zilipotimia, kioo kilishukuru kwa kutumia waifai ya bure ya siku hiyo, kikaomba namba ya kadi ya benki. Nilesh alitoa kadi yake. Kioo kikamjibu kwamba jina la kwenye kadi lifanane na la kwenye pasipoti ya abiria.

"Basi mpaka kesho, Mama Sabaha," alisema, akakifuta vumbi.

Asubuhi yake Kijakazi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu huko Mchafukoge, kwenye ofisi ya wakala. Karani, mwanamke mpole aitwaye Elisaria, alimkaribisha kiti na kufungua faili.

"Ni kweli mama, yuko hewani. Naona hapa."

"Mliniambia amefika."

"Mkataba unasema tutamsafirisha. Bado anasafiri. Mambo ya kufika ni ya mwajiri."

"Na pasipoti yake?"

"Ipo kwa mwajiri, kaifungia kabatini. Haiwezi kupotea."

"Basi airudishe."

"Airudishe wapi, mama, na mwenyewe hajatua?"

Kituoni, polisi aliandika maelezo ya Kijakazi kwa mwandiko mzuri. Alipofika sehemu ya mahali pa tukio, aliweka kalamu chini. Juu ya bahari hakukuwa na kata wala mtaa. Alimshauri awalete wasichana wakishatua.

Kijakazi alirudi kwa wakala. Kwenye ngazi wasichana walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na bahasha yake. Alisimama katikati yao.

"Wanangu, msipande. Wangu bado yuko juu mpaka leo."

Mmoja wao, Amira, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia mama. Lakini huko juu wanakula kila siku?"

Kijakazi hakuwahi kudanganya mtoto wa mtu. "Wanakula," alisema.

Amira aliitikia kwa kichwa, akasogea ngazi moja juu.

Tangu hapo, kila siku saa tisa Kijakazi alisimamisha cherehani. Alimsimulia binti yake nani kaolewa Magomeni, nani kazikwa, nyumba ipi imebomolewa. Masika yalipita mara mbili. Kijakazi alianza kuvaa miwani, na nywele za mbele zikageuka nyeupe. Sabaha alikuwa bado na miaka kumi na tisa.

"Mama, mbona siku hizi unachelewa kujibu?"

"Macho, mwanangu."

Siku moja uvumilivu ulimwisha Kijakazi, akaandika kwamba wamwambie rubani ageuze, warudi nyumbani.

"Tulimwambia," Sabaha alijibu. "Anasema dakika arobaini ni za kwenda mbele. Za kurudi hakupewa."

Wiki iliyofuata Sabaha alileta salamu za mgeni wa kiti cha 41D. Alikuwa Amira wa kwenye ngazi; foleni yake ilikuwa imefika hatimaye. Safu za nyuma, alisema, zimeongezwa.

Kabla mwezi haujaisha, mwanamke aliyeitwa Tatu, mama yake Amira, alifika kibarazani akiuliza kama ndipo hapo wanapoongea na walio hewani. Kijakazi alimwambia ndipo, akasogeza cherehani ukutani kumpa nafasi. Nilesh aliwasha kioo cha pili. Tatu alikaa, akaona jina la Amira, akavuta ncha ya kanga machoni.

"Usilie sasa hivi," Kijakazi alimwambia, akimshika kiwiko. "Dakika ni ishirini tu. Mwitikie salamu, umuulize kama amekula. Halafu mwache aandike yeye. Kulia tutalia wote saa tisa na nusu."