Uvundo Alioushuku Firdausi

Kwa siku tatu Firdausi alimshuku paka. Kila akifungua mlango wa mashine ya kufulia, uvundo ulimpiga usoni kama wa beberu aliyenyeshewa, na shuka zilitoka safi kwa macho, zikanuka puani. Mvua za Julai zilikuwa hazijaupumzisha mji wa Kanauj; nguo zilianikwa barazani, na nyumba nzima ikashika harufu ile.

Siku ya nne akamwita mumewe. Angemwita nani mwingine? Abrar alikuwa ametumia miaka thelathini na minane katika kiwanda cha marashi, na pua yake ilijulikana mji mzima. Nyumbani, tangu langoni alishajua kama jikoni mna dengu au nyama, na kama kitunguu kimeungua.

"Baba Nadira, hebu njoo unuse hapa, uniambie ni nini kimefia humu."

Abrar aliinama, akaingiza kichwa chote mashineni, akavuta pumzi ndefu.

"Sabuni," alisema. "Mbona iko sawa?"

"Sawa? Unanitania?"

"Mama, usafi umekuzidi. Sasa unanusa hata visivyokuwepo." Akarudi kwenye kiti chake na chai yake.

Firdausi akampigia simu binti yao, Nadira, aliyeishi mji wa Laknau na ndiye aliyewanunulia mashine.

"Mama, unatia sabuni kiasi gani?"

"Vikombe viwili. Nguo za baba yako zina mafuta."

"Viwili! Na maji baridi? Na ukimaliza unafunga mlango?"

"Nisifunge, mjusi aingie?"

Nadira alicheka hadi akakohoa. "Mjusi hana haja na mashine yako. Sabuni imegandia humo, ikaota ukungu. Funua ule mpira wa mlangoni, utaona maajabu. Halafu chini kuna kifuniko, ndani yake mna chujio. Tega beseni kwanza, tafadhali."

Chini ya mpira alikuta utelezi mweusi kama masizi, vifungo viwili na kibanio cha nywele alichokuwa amemsingizia mpwa wake kuwa amekichukua. Alisugua kwa siki na mswaki mkuukuu. Kisha akafungua kile kifuniko cha chini, beseni akalisahau.

Maji meusi yalimwagika, yakatambaa sakafuni hadi kwenye miguu ya Abrar. Paka alitoka mbio mvuani. Firdausi alijiziba pua kwa ushungi, machozi yakimtoka. Abrar aliinua miguu, akasema, "Mama Nadira, maji hayo," akachovya biskuti kwenye chai, akala.

Firdausi aliacha kufuta machozi, akamtazama. Tangu homa iliyomlaza mwezi wa Machi, mumewe hakuwahi tena kusema neno juu ya kitunguu. Sikukuu ya Idi alisifia harufu ya wali wa maziwa, na yeye Firdausi alikuwa amesahau kutia iliki.

"Baba Nadira," alisema polepole. "Husikii harufu."

Abrar aliweka biskuti chini.

"Tangu ile homa. Nilidhani itarudi."

"Na kiwandani?"

"Nawauliza vijana wanaonaje, wao hudhani nawatahini. Naangalia rangi, nayapima mafuta kwa kidole. Lakini Jumatatu wanafungua vyungu vya marashi ya udongo, yale yanayonukia kama ardhi iliyonyeshewa, na tajiri anangoja neno langu tu. Mimi ni nani bila pua, Firdausi?"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Nadira azaliwe. Firdausi alikaa pale pale kwenye maji, kando ya kiti.

"Wewe ndiye mwanamume aliyeniacha ninuse beberu siku tatu peke yangu," alisema.

Abrar alicheka, na katikati ya kicheko akalia.

Kazi waliimaliza pamoja, yeye akikamua matambara, mkewe akitia siki na magadi ndani ya mashine tupu na kuiwasha kwa maji ya moto kabisa. Jioni uvundo ulikuwa umekwisha, na tangu hapo mlango haukufungwa tena.

Jumatatu Abrar alimweleza tajiri wake, Bwana Mahendra, kila kitu. Mzee yule akasema, "Kaka Abrar, pua changa ninazo mbili, zote majuha. Moto wa vyungu nani anaujua kama wewe? Kaa nao uwafunze."

Daktari alimwagiza anuse vitu vinne asubuhi na jioni, kwa subira, kama mtoto anayefundishwa herufi. Firdausi alimletea karafuu, ndimu, iliki na waridi. Baridi ilipoanza, karafuu ilirudi. Abrar alipiga ukelele hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa. Ndimu ikafuata. Iliki na waridi bado.

"Hakuna?" aliuliza Firdausi asubuhi moja, akimsogezea bakuli la mawaridi.

"Hakuna. Niambie wewe."

Firdausi, ambaye maneno ya harufu alimwachia mumewe maisha yote, alifumba macho akanusa kwa muda mrefu. "Tamu," alisema. "Ila kwa ndani pana uchungu kidogo. Kama ganda la tunda."

"Yamechumwa jua likiwa juu hayo, si alfajiri," alisema Abrar hapo hapo. "Umepunjwa, mama. Kesho twende sokoni wote wawili."