Vitone Viwili vya Rangi ya Kucha

Kabla shemeji yake hajafungua mdomo, binti alikuwa ameshaona kwamba vitone vyake havipo. Vilikuwa viwili, vyekundu, vya rangi ya kucha, kimoja kwenye kibao cheupe cha tatu cha kinanda na kingine kwenye cha saba. Mtu alikuwa amevikwangua kwa wembe, na wembe ulikuwa umeacha mikwaruzo.

"Vilikuwa vinatia aibu," shemeji alisema, akijifunga tai. "Wageni wa studio wakija leo kumsikia Bibi, wakikuta kinanda kimepakwa rangi ya kucha watasema nini? Kwamba napigia chekechea?"

Watu walimwita Profesa. Alikuwa mume wa dada yake, na ndiye aliyempigia kinanda Bibi yao, mwimbaji mkongwe. Binti mwenyewe alifagia ukumbi wa mazoezi, akakunja nyaya, akapanga viti.

Zamani kila mpiga kinanda alisema Bibi anaimba vibaya. Hata Profesa alisema: "Bibi kazeeka, sikio limekufa." Lakini binti, aliyeacha shule darasa la tano, alikuwa akiisikia sauti ile tangu akibebwa mgongoni. Nota ya tatu ya Bibi ilikaa chini kidogo ya ile ya kinanda, na ya saba vilevile, na zilikaa palepale leo, kesho na mwaka ujao. Mtu anayekosea hakosei mahali pamoja miaka sitini.

Basi siku moja, akipiga deki, akaanza kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine, mpaka akafika mahali ambapo kila nota iliweza kushushwa kidogo kidogo. Akapaka vitone vyake ili asipotee. Nota ya tatu akaishusha mara thelathini na nane. Ya saba, mara thelathini na moja. Akahifadhi yote kwenye kumbukumbu ya kinanda, namba saba.

Jioni ile Bibi aliimba ubeti mmoja, akaweka kikombe chini. "Nani kakifundisha kinanda hiki adabu?"

"Mimi, Bibi," Profesa akajibu haraka, hata kabla hajajua ni kitu gani.

Binti akaendelea kupanga viti. Mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito kama gunia lililoloa. Ilikuwa miezi minane sasa tangu jioni ile.

Na jana Profesa alitaka jina lake lionekane kwenye kioo cha kinanda badala ya namba saba. Akabonyeza asichokijua, akafuta kila kitu.

"Shemeji, nirudishie kile kitu," alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Dakika kumi tu. Na usimwambie dada yako."

"Wageni wakiuliza nani alikipanga?" binti aliuliza, akitazama sakafu.

"Nitawajibu. Au unataka kuongea nao wewe? Wewe unayejificha nyuma ya mlango muuza maziwa akipiga hodi?" Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Binti akachuchumaa, akahesabu. Profesa akajaribu vidole, akaridhika. "Tayari?"

"Tayari."

Ilibaki hatua moja: kukandamiza kitufe cha kumbukumbu mpaka kioo kipepese. Bila hivyo, kinanda kikizimwa kinasahau kila kitu. Tangu mwanzo kidole kilichokandamiza kilikuwa cha binti, na Profesa hakuwahi kuuliza kwa nini. Binti akachukua kitambaa, akakifuta kitufe kile vumbi, taratibu, bila kukibonyeza. Kisha akachomoa waya ukutani. Wakakibeba kinanda hadi ukumbini, na moyo wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Wageni walikuwa watatu. Profesa aliwaeleza utafiti wake, usiku aliokesha, vitabu alivyosoma. Akawasha kinanda, akaita namba saba. Bibi akaanza.

Kwenye nota ya tatu, sauti na kinanda viligongana kama watu wawili mlangoni.

Binti alisimama na ufagio wake, akisubiri jasho. Likaja. Lilianzia kwenye paji la uso wa Profesa, likashuka hadi kwenye tai, na binti akalinywa lote kwa macho. Miezi minane alikuwa na kiu hiyo.

Lakini Profesa akainua mikono, akawatabasamia wageni. "Mtuwie radhi. Bibi ameamka na sauti mbaya. Umri, mnajua."

Mgeni mmoja akachekea kiganjani. Bibi akashika koo lake. Akaanza upya, na safari hii akaisukuma nota juu, kukifuata kinanda, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Sauti ikapasuka.

Hilo binti hakuwa amelipigia hesabu.

Akauegemeza ufagio ukutani. Hatua zake zilisikika ukumbi mzima.

"Shemeji, pisha."

"Rudi ukafagie, usituletee—"

"Pisha."

Akapisha, labda kwa mshangao. Binti akaanza kubonyeza, midomo ikihesabu. Alipofika kumi na tisa hesabu ikampotea. Hapo Bibi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, akainama sikioni mwake, akaivumisha ile nota, chini, palepale pake. Binti akaacha kuhesabu, akasikiliza, akaishusha mpaka ikafika. Kisha ya saba. Akapiga kibao kimoja chenye mikwaruzo, na sauti ya Bibi ikaja ikakaa juu yake.

"Ala!" alisema mgeni aliyecheka. "Hiki kinanda alikipanga nani hasa?"

Profesa akavuta pumzi ajibu.

Kidole cha binti kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kumbukumbu. Kioo kilipepesa, kikatulia, naye akaendelea kukandamiza.

"Mimi," alisema. Sauti ilitoka na mikwaruzo. "Tangu siku ya kwanza. Na leo sikukihifadhi, makusudi, ili huyu aaibike. Bibi, wewe hujawahi kukosea."