Umande wa Kilungu

Ndinda alikuwa amesoma Kichina miaka miwili, na neno xiangdao aliliandika daftarini bila wasiwasi: kiongozi. Kwa hiyo Bwana Lin, fundi wa maji, alipoomba xiangdao wa kwenda naye kwenye chemchemi, Ndinda aliwaambia wanakijiji watoe kiongozi. Na viongozi, Kilungu haijawahi kukosa.

Asubuhi akaja mwenyekiti Musyimi, suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akasalimia, akaongoza maombi, akahutubia. Walipofika penye nyasi ndefu akasimama kando ya njia.

"Tangulieni tu. Mimi niko nyuma yenu."

Nyasi zilikuwa zimelemewa na umande. Mama Kalekye, mzee wa miaka sabini aliyekuwa akienda kuchota maji, alikaza leso, akapita mbele akipiga nyasi kwa fimbo huku na huku. Walipofika chemchemi alikuwa amelowa hadi kiunoni. Suti ilikuwa kavu kabisa.

"Xiangdao," Bwana Lin akamwambia Mama Kalekye, akimshika mkono kwa mikono miwili.

Ndinda akatoa daftari. Akafuta "kiongozi", akaandika: anayelowa kwanza.