Skuta Iliyopashwa Moto

Mkunga aliigusa injini hata kabla hajamwamkia mjomba wake sawasawa. Ilikuwa ya moto.

"Shikamoo, Mjomba. Umetoka nayo wapi?"

"Marahaba. Nitoke nayo wapi? Imelala hapo hapo uani tangu jana."

Skuta iliyolala tangu jana huwa baridi, na anayeipasha moto kabla mnunuzi hajafika huwa ana lake jambo. Kliniki ilimpa mpaka Ijumaa awe amefanya mtihani wa leseni kwa chombo chake mwenyewe. Akiuziwa kimeo, kazi ya kuwazungukia wajawazito majumbani itakwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo alikagua. Leseni ya mwanafunzi haikumruhusu kuzidi cc 125. Alipiga goti, akasugua grisi ubavuni mwa injini kwa kitambaa mpaka tarakimu zilizogongwa kwenye chuma zikajitokeza. 125. Hapo hapakuwa na uongo.

"Mwanangu, unaikagua au unaizalisha?" Mjomba alicheka.

"Zote ni kazi za kutoharakishwa."

Akapanda. Nyayo zake zilikaa chini zote mbili, jambo ambalo mwalimu wake wa udereva alilithamini kuliko rangi na mbio. Kisha akatazama vioo vya pembeni. Badala ya lango lililokuwa nyuma yake, aliona sakafu ya ua. Mjomba alikuwa mrefu kama ngazi; aliyevitega vioo hivi alikuwa mfupi kuliko wote wawili.

"Nani amekuwa akiiendesha?"

"Hakuna." Jibu lilikuja upesi mno, na macho ya Mjomba yakatorokea mlango wa jikoni.

Pale mlangoni alikuwa amesimama mama yake Mkunga, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda sokoni, na aliyeapa kuwa pikipiki haitakanyaga nyumbani kwake. Kilemba chake kilikuwa kimebonyea pande zote, kama kilichotoka kubanwa na kofia ngumu.

"Mama! Bila leseni?"

"Humu uani tu. Sheria inasema barabarani, nimeisoma kwenye kitabu chako." Mama alijifuta mikono kwenye kanga. "Nilitaka kukijua kitu kitakachokubeba. Usiichukue. Ikiwa baridi, inazima ukikata kona."

"Dada! Nakukaribisha chai, wewe unaniharibia biashara?"

"Si wewe uliyeniambia niizungushe kabla mtoto hajafika? Eti betri ipate nguvu!"

Mkunga hakuchukua neno la huyu wala la yule. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai ya mjomba wake bila haraka mpaka injini ikapoa kabisa. Ndipo akaiwasha, akalizunguka tangi la maji. Kwenye kona ya kwanza skuta ilikohoa, ikazima, naye akabaki ameiegemeza kwenye mguu mmoja.

"Ah, kabureta tu hiyo," alisema Mjomba.

"Basi itengeneze, Mjomba. Na atakayekuja baada yangu, usimpashie."

Alimwekea ufunguo kiganjani, akamgeukia mama yake. "Kesho nakwenda kuangalia nyingine. Vioo nitavitega mwenyewe."

Mama aliingiza mkono nyuma ya mlango wa jikoni, akautoa na kofia ngumu nyekundu, mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa.

"Tunaondoka saa ngapi?"