Mswaki Uliorudi Bila Mwenyewe

Mswaki ulikuwa bado laini.

Nilikuwa chumbani kwa Zamda, natoa vitu vya marehemu mumewe mkobani ili vipelekwe kwa nduguze. Shuka, kisu, tasbihi iliyokatika uzi, na chini kabisa mswaki wake wa kijiti. Nikaubinya kwa kidole gumba. Nyuzi zikalala, zikainuka. Nikaurudisha upesi, nikamtazama Zamda. Alikuwa amelala kauelekea ukuta, ndani ya shuka yake nyeupe ya eda. Hakuona.

Abbasi alikuwa amekufa maji takriban mwezi mzima uliopita. Ndivyo tulivyoambiwa. Na mswaki usiotafunwa kwa muda huo hukauka, ncha ikawa kama ufagio wa chelewa. Ukiutia mdomoni unachoma fizi. Nikajiambia labda ni unyevu wa mkobani. Nikatoka uani. Nikarudi. Nikautoa tena.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka miwili, na boriti za mikoko zilitakiwa sana. Abbasi na mwenzake Bushiri walikwenda dago, kambi ya wakataji ndani ya msitu, kuzikata. Waliondoka Jumanne. Bushiri alirudi peke yake Jumatatu, majuma karibu matano baadaye, na mkoba wa mwenzake begani. Alisema Jumamosi ile ya juma la kwanza mtumbwi ulipigwa na gogo ukapinduka, Abbasi akachukuliwa na maji, na yeye alibaki kumtafuta kwenye vijito na kuunga mtumbwi uliopasuka. Kilio kikaangushwa siku hiyo hiyo. Mie nikamwingiza Zamda eda, kwa kuwa nimemlea tangu babake, kaka yangu, alipofariki, na kwa kuwa wanawake wote wa hapa kisiwani mie ndiye ninayewakalisha. Wakubwa wakasema eda ihesabiwe tangu siku ya kifo, kwa hiyo mwezi mmoja umeshakwenda, imebaki mitatu na zile siku kumi.

Mswaki ule niliukata mie. Kila wanaume wakienda dago, nilikuwa nakwenda kwenye ardhi ya juu kunakoota mti wenyewe, namkatia kila mmoja kijiti cha shibiri moja ya mkono wangu. Sikuomba kitu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliupenda mswaki, nami nilitaka thawabu.

Abbasi alikuwa na desturi aliyoichukua kwa babake. Kila Ijumaa, kabla ya kuoga kwenda kusali, alikata ile ncha iliyochakaa, upana wa kidole kimoja, akamenya mpya. Hakuruka Ijumaa hata akiwa na homa. Zamda alikuwa akimtania mbele za watu: "Mume wangu hana kalenda, ana mswaki."

Basi nikaupima. Kama alikufa Jumamosi ile, Ijumaa moja tu ilimkuta hai, na mswaki ungepungua kidole kimoja. Ulipungua vinne. Nikapima kwa mkono wa kushoto. Vinne.

Siku mbili zilizofuata sikutulia. Nilianza nyiradi nikasahau nilipofika. Nilitia chumvi mchuzi mara mbili. Nilikuwa naona mbele yangu miezi mitatu ikipita, mtu akija na posa, Zamda akiozwa, na mumewe yu hai mahali fulani anapiga mswaki. Hiyo ni zinaa, na aliyemkalisha eda ni mie. Upande mwingine nikawaza: kama nimekosea, je? Nimtie matumaini mtoto wa watu kwa kijiti?

Jirani yangu Mashavu alisimama uani kwake akanitazama.

"Bi Mwantumu, hapo umefagia mara ya tatu. Umepoteza sindano?"

"Nimepoteza akili."

"Basi ufagio huo mkubwa mno kwa kitu kidogo hivyo," akasema, akacheka peke yake.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri nikamwita Bushiri. Nikamkalisha jamvini ukumbini. Zamda alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kwa kuwa mwenye eda haonani na wanaume.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Mkoba wa Abbasi, siku ya ajali ulikuwa wapi?"

"Dagoni, juu ya ulingo. Nilishasema."

"Tangu siku hiyo nani aliufungua?"

"Nani aguse vitu vya maiti, mama? Nilivileta kama vilivyo."

Nikauweka mswaki jamvini mbele yake. "Basi huu nani aliutafuna?"

Akautazama. Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Umeniita kwa ajili ya mswaki? Pengine niliutumia mie, wangu ulipotea."

"Wewe? Hebu cheka tena, Bushiri. Meno hayo yana tambuu ya tangu Wajerumani wako Utete. Mswaki ungekuona ungekimbia."

Akafumba mdomo.

"Niliukata shibiri," nikasema. "Anaupunguza kila Ijumaa, wajua wewe kuliko mie, umelala naye dago moja miaka sita. Umepungua vidole vinne, na ncha bado ina maji. Maiti gani huyu anapiga mswaki majuma manne?"

"Vijiti vinakauka, vinasinyaa..."

"Vinasinyaa urefu? Haya. Maji yako kwenye birika pale. Tawadha, nikuletee msahafu, uape kwamba ulimwona Abbasi anazama. Ukiapa, nakuomba radhi mbele ya watu wote kesho Ijumaa."

Akainuka akaenda kwenye birika. Akanawa viganja. Akasukutua, akatema. Akachota maji ya uso, akayashika mkononi mpaka yakamvujia yote, akachota tena, yakavuja tena. Kisha akachuchumaa pale pale.

"Mama, usiniapishe."

Akasema yote huku kanipa mgongo. Juma la tatu Abbasi aliingia sehemu ya msitu iliyofungwa na serikali, akakata boriti mia na zaidi, zote zina alama ya shoka lake. Juma la nne askari wa msitu wakazikuta. Angefungwa. Wakapatana Bushiri aseme mwenzake kafa juma la kwanza, kwa kuwa maiti hakati miti. Abbasi akatoroka kwenda Kibiti kwa mjomba wake, kulima ufuta. Asubuhi ya kuagana alipiga mswaki, akautumbukiza mkobani kama siku zote. Hakuna aliyeufikiria.

"Na mkewe?" nikauliza. "Mkewe mlimfikiria?"

"Alisema Zamda asiambiwe. Askari wakija wamkute analia kweli. Alisema Zamda hajui kuigiza."

Pazia likafunguka. Zamda akatoka, kichwa wazi, uso umevimba, akasimama mbele yetu.

"Shemeji, rudi ndani," Bushiri akasema, akainamisha macho. "Uko edani."

"Anakula?"

"Nani? Ee, anakula."

"Analala?"

"Analala, shemeji. Hajambo kabisa."

"Mie silali tangu Jumatatu," Zamda akasema. Akaegemea mlango. "Sasa mnataka nifanye nini?"

"Ukae tu. Miezi mitatu, askari watasahau, halafu atarudi."

"Arudi aseme nini? Kafufuka?"

"Ukitoka leo, shemeji, kesho habari iko Utete kwa serikali, na keshokutwa yeye yuko jela. Ni mumeo."

Zamda akanigeukia. "Shangazi, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Nikikaa eda na najua yu hai, dhambi ya nani?"

Nilitamani kumjibu kwa upole. Nilimpenda Abbasi pia; alikuwa akinibebea kuni.

"Yako na yangu," nikasema. "Na ya kila atakayekuja kukupa pole."

Akaingia ndani. Tukamsikia anafungua kasha. Bushiri akaninong'oneza nimzuie, mie nikabaki nimekaa. Alipotoka alikuwa amevaa kisutu chake chekundu cha harusi. Akachukua ndoo na kamba, akapita katikati yetu, akashika njia ya kisimani, saa ile wanawake wote wapo. Nikainuka nikamfuata, kiatu kimoja mguuni.

Tukafika kisimani. Mashavu akaacha ndoo yake ikaanguka.

"Zamda! Na eda?"

"Mume wangu yu hai, dada Mashavu. Leo nimepata salamu zake."

Mashavu akashika mdomo. Kisha, maskini, akafurahi. Akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea, kikaenda mpaka gatini, na nyuma yangu nikamsikia Bushiri anakimbilia mtumbwi wake. Wanawake wakamzonga Zamda, huyu anamkumbatia, huyu anamshukuru Mungu kwa sauti, huyu anauliza yuko wapi, atafika lini. Aliteremsha ndoo kisimani, na kamba ilipovuta uzito nikaona mikono yake inaachia. Nikapenya katikati yao, nikaishika kamba pamoja naye, tukavuta.