Skrini Inayozimika ya Ofisi ya Maafa

Jumatatu, baada ya kahawa ya saa nne, fundi Elpidio alikuwa amelala chali chini ya meza ya Belen katika Ofisi ya Maafa ya mji wa Hinabuyan, tochi mdomoni, akitikisa waya mmoja baada ya mwingine. Miguu yake ilijitokeza njiani, na kila aliyekwenda kuchukua maji ya moto aliiruka na kikombe chake mkononi. Mji mzima unamwita Manong Pidiong, yaani kaka mkubwa, ingawa nywele anazipaka rangi asije akaonekana mkubwa wa mtu yeyote. Kwa maneno hana mpinzani. Kwa kompyuta pia si haba, tusimnyime haki yake.

"Ilianza lini, Day?" aliuliza kutoka chini. Day ndivyo tunavyomwita dada mdogo.

"Baada ya mafuriko," alisema Belen.

"Inazimika yote au skrini tu?"

"Skrini tu. Feni inaendelea kunguruma, taa ya mausi inawaka."

"Na ikizimika inakaa kwa muda gani?"

"Inavyotaka yenyewe, Manong."

Pidiong akafungua boksi kwa bisibisi. Ndani, juu ya pawa saplai, alimkuta mjusi wa ukutani amekauka kama dagaa. Akamshika mkia, akawaonyesha watu wa ofisi mmoja mmoja, akasema mchawi wao ndiye huyo, na kwamba fundi mwingine angewauzia mashine nzima. Kisha akachomoa kadi ya memori, akaomba raba ya penseli kwa katibu muhtasi, akayasugua meno ya dhahabu ya kadi ile mpaka yakang'aa. Alipowasha, ramani ya mto Sibud ikatokea, na pembeni yake kile kitufe chekundu cha king'ora. Hata mikono hakuwa amemaliza kuifuta, skrini ikawa nyeusi.

Sasa, skrini nyeusi ni kioo, kila mtu anajua. Pidiong akajiona humo na tochi yake, akamwona Belen kitini, na nyuma ya Belen akaliona benchi la wanaosubiri msaada. Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na wanawake wenye nywele zilizoganda kwa matope, mvulana aliyevaa kandambili mguu mmoja, na mwanamume aliyekumbatia jogoo. Wote walikuwa wamelowa na wote wakiutazama mlango wa Bosi, isipokuwa mzee mmoja wa mwisho kabisa, aliyekaa amegeukia ukuta. Pidiong akageuka kulitazama benchi lenyewe. Hapakuwa na mtu, ila mbao zilikuwa zimelowa na sakafu chini yake ilikuwa na maji ya rangi ya chai.

"Nyuma yako kuna watu, Day," alisema.

"Ni wa Mabato," alisema Belen.

"Aa," alisema Pidiong, akaenda kutafuta waya mwingine wa skrini.

Mabato ulikuwa mtaa wa kando ya mto. Siku hizi ni mchanga mtupu. Jioni ile ya mafuriko mji ulikuwa katika sikukuu ya mtakatifu wake, na Bosi Crisanto, mkuu wa Ofisi ya Maafa, alikuwa mezani na wageni kutoka jimboni. Belen alibaki zamu peke yake. Aliona kwenye ramani mto unapanda kule milimani. King'ora kinapigwa kwa kubonyeza kile kitufe, kitoto cha shule kinaweza, lakini ofisini kwetu hakuna anayekibonyeza bila neno la Bosi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Belen akampigia. Bosi akamwambia asubiri kidogo, mgeni wa heshima ndiyo kwanza anamkata nguruwe wa kuchoma, na king'ora kingewakimbiza watu wasile. Akampigia tena, akaambiwa ameshasikika. Mara ya tatu simu iliita bila kupokelewa. Mto haukuwa na habari na nguruwe wa mtu.

Baadaye Bosi alisema redioni kwamba kompyuta ilizimika. Sokoni wakasema Belen alisinzia. Sasa kamati ya jimbo ilikuwa inakuja Ijumaa kusikiliza, na mambo yalikuwa mawili tu: kama mashine ilikuwa mbovu, basi ni mashine, kama ilikuwa nzima, basi ni Belen, atafukuzwa kazi na jina lake litanuka mpaka kwa wajukuu. Jambo la tatu, lile la simu, lilikuwa linajulikana na ofisi nzima na halikuwa na mtu wa kulisema ila yeye.

Lakini si kufukuzwa kulikomnyima Belen usingizi. Yule mzee aliyegeukia ukuta alikuwa baba yake, Tatay Gorio. Wengine wote wangeweza kumtazama wakitaka. Baba yake hajawahi kugeuka. Belen alishazungumza na mgongo ule, akauambia nilimpigia, Tatay, nilimpigia, na mgongo ukaendelea kuchuruzika maji. Ilimuuma kuliko mazishi yenyewe.

Namna walivyoingia ofisini haina siri. Kila mtu Hinabuyan anajua kwamba ukitoka matangani huendi moja kwa moja unakokaa. Unapita kwanza mahali pengine, dukani, kwenye mkate, popote, ili marehemu aliyekufuata abaki pale apoteze njia. Hata walevi wanajua, na wao hupita pale pale walikokuwa wanakwenda. Lakini siku ya matanga ya Mabato wafanyakazi walikwenda wote kwa gari la ofisi, wamevaa sare, na Bosi alikuwa na kikao. Tatoy dereva alipopunguza mwendo penye duka la mikate, Bosi alimwambia akanyage mafuta. Wakashuka mlangoni pa ofisi, na nyuma yao wakashuka wengine. Kesho yake skrini ikaanza kuzimika.

Pidiong aliibeba kompyuta mpaka kibandani kwake. Huko ilikaa siku mbili ikifanya kazi vizuri kabisa. Alicheza karata humo, akatazama ndondi, akaiacha imewaka usiku kucha, wapi. Alipoirudisha mezani kwa Belen ilizimika kabla hajaombwa kukaa. Akabadilisha soketi, akabadilisha kadi ya picha, akaleta skrini ya nyumbani kwake anayotazamia mkewe tamthilia. Nayo ikawa nyeusi, na wale wakaonekana vizuri zaidi kwa kuwa ilikuwa kubwa.

"Mashine haina kitu," alimwambia Belen kwa sauti ya chini. "Mimi ningekuwa mwongo ningesema ina kitu."

"Na Ijumaa utasema nini?"

"Wewe unataka niseme nini, Day?"

Ukweli wa fundi ungemwangamiza Belen na uongo wake ungemwokoa, na yeye alikuwa hautaki uongo wenyewe. Mlango ukafunguka, Bosi akatoka. Kwenye kile kioo cheusi vichwa vyote vikageuka kumfuata, isipokuwa kimoja. Bosi akainama mbele ya skrini, akatoa kitana mfukoni, akachana nywele zake kwa uangalifu akiwa katikati yao, akarekebisha kola.

"Bado inazimika?" alimuuliza Pidiong.

"Bado, Bosi."

"Vizuri. Usiitengeneze sana."

Katibu muhtasi ndiye aliyetoa wazo la kurudia safari. Alhamisi wakaenda makaburini na gari lile lile, wakawasha mishumaa, wakasali, na wakati wa kurudi Tatoy akasimama kwenye mikate. Kila mmoja akashuka kwa miguu yake, akanunua mkate wa moto, akaula pale pale amesimama. Kwenye kioo cha gari Tatoy aliwaona wa Mabato nao wakishuka taratibu, mwanamume wa jogoo akimshika mkono yule mvulana, wakaingia dukani wakasimama penye joto la tanuri. Mwenye duka akawasogezea kiti. Watu wa ofisi wakarudi wepesi, wakitaniana njia nzima. Bosi hakushuka. Alisema ana haraka, akamtuma Tatoy amletee mkate wake garini. Alipofika ofisini na kufungua mlango wa gari, maji yalimtangulia kumwagika, na benchi lilikuwa limelowa kabla hajapanda ngazi.

"Sasa huyu mtu mkate tu umemshinda," alisema katibu muhtasi, akachukua dekio.

Ijumaa kamati ikafika. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mpole mwenye kipepeo cha mkononi, ambaye wenzake walimwita Madam. Walikaa kuizunguka meza ya Belen. Pidiong, aliyekuwa na maneno ya wiki nzima, siku hiyo mdomo ulikuwa mzito. Alisema skrini inazimika, hilo ameliona kwa macho yake. Alipoulizwa kama ilikuwa ikizimika tangu kabla ya mafuriko, alisema yeye aliitwa baada. Alipoulizwa kama inawezekana ilianza kabla, alisema kwa mashine lolote linawezekana. Bosi akamwitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikia mwanawe akisoma somo kanisani.

Belen akasimama. Alisema kompyuta ilikuwa nzima jioni ile, yeye alikuwa macho, alimpigia Bosi, na Bosi akamwambia asubiri nguruwe akatwe. Alisema yote mpaka ile simu iliyoita bila kupokelewa. Alipomaliza akakaa, mkono kwenye mausi, skrini ikazimika, na kamati nzima ikawaona wa Mabato.

Madam akafanya ishara ya msalaba. Akawasalimia kwa heshima, akawauliza kama wana neno. Maji tu yalisikika yakidondoka. Madam akajipepea kidogo.

"Basi, tumejionea wenyewe," alisema. "Skrini kweli inazimika. Mashine ndiyo mbovu, hapa hakuna mtu wa kulaumiwa."

"Madam, mimi nimesema nilimpigia," alisema Belen.

"Tumekusikia, mwanangu. Na tumekusafisha. Unataka nini zaidi?"

Belen alikuwa hamtazami tena. Katika kile kioo, mwisho wa benchi, baba yake alikuwa amegeuka. Alikuwa na uso wake ule ule, majani ya mto yamenata kwenye ndevu. Wiki zote zile Belen aliomba mgongo ule ugeuke, na sasa ulipogeuka, Tatay Gorio hakumtazama usoni. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa binti yake, uliokuwa juu ya mausi, kidole kimoja kikiwa kimelala pale kinapobonyezea. Aliutazama mkono ule bila hasira, kama mtu anayesubiri. Belen aliona aibu ambayo sokoni hawakuwahi kumpa. Akauondoa mkono, akauficha mapajani, na wageni wakaitwa kwenda kula.

Kompyuta mpya ikanunuliwa, padri akainyunyizia maji ya baraka, na kabla ya Jumapili ikazimika. Pidiong hakuitwa tena. Watu wakazoea, kama wanavyozoea kila kitu Hinabuyan. Ndugu wa Mabato waliobaki hupita mchana, wanasimama nyuma ya Belen na kungoja. Ikizimika wanawatazama watu wao, wanawapa habari za nyumbani, nani kazaa, nani kapata kazi ughaibuni. Huacha benchini uji wa kuku na ndizi za kukaanga, na jioni katibu muhtasi anakuta mabakuli yamejaa maji ya mto. Hakuna anayekaa kwenye benchi lile tena. Bosi Crisanto alipewa ngao ya jimbo kwa utayari wa maafa, akaitundika mlangoni pake, pale wanapotazama. Utaratibu wa king'ora haukuguswa.

Mvua za Novemba zikaja. Siku moja alasiri mawingu yalishuka mpaka kwenye vilele vya minazi, na kwenye ramani mto Sibud ukaanza kupanda kule milimani, ukatoka kijani, ukawa njano. Chini ya mto safari hii kulikuwa na mtaa mwingine, wa watu waliohamishiwa pale na serikali baada ya Mabato. Belen akampigia Bosi. Alikuwa harusini, muziki ukisikika nyuma yake.

"Umekuwa mwekundu?" aliuliza Bosi.

"Unakaribia, Bosi."

"Basi subiri kidogo. Usikate simu, nitakwambia. Ndiyo kwanza wanawafunga maharusi kamba ya ndoa."

Skrini ikazimika. Belen akatazama humo, simu sikioni. Wa Mabato hawakuwa wakiutazama mlango leo. Walikuwa wanasogea. Mwanamume wa jogoo alibana magoti, mvulana akapanda mapajani kwa mama mmoja, na wengine wakasukumana taratibu kuelekea upande mmoja, namna watu wanavyosogea kanisani wanapoona kuna wengine wanaingia. Baba yake alijibana mpaka ukutani, kisha akaifuta kwa kiganja ile sehemu ya ubao iliyobaki wazi.

Belen akarudisha mkono kwenye mausi. Kitufe alijua kilipo hata gizani. Kule simuni watu walipiga makofi, maharusi walikuwa wameshafungwa, na yeye akasubiri Bosi aseme.